Ubavu wa Kushoto wa Mama Minza

Hamjambo nyie vijana wa sare nyeupe? Mmeniomba niwasimulie ya kazi, na mimi yaliyostaafu ni magoti tu, mdomo bado uko kazini. Basi kaeni. Ila kabla sijaropoka mbali, shikeni hili: mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, godoro nalo ni ugonjwa. Linamla polepole kwenye nyonga, kwenye kisigino, kwenye mfupa wa makalio, na mara nyingi hata halimuumi. Unafunua shuka siku moja unakuta shimo la kuingiza kidole. Unapiga kelele "Yesu wangu!" na mgonjwa mwenyewe anakuuliza kuna nini.

Mimi ni Tekla, Mpimbwe wa kuzaliwa, nesi wa wodi ya wanawake kwenye kituo kimoja cha afya hapa Mpanda. Jina la kituo nalihifadhi, maana waliobaki wangenisema. Naongelea miaka ya tisini, wakati Mpanda ni wilaya ya mkoa wa Rukwa na hakuna aliyeota kwamba kutakuja kuwa na mkoa wa Katavi. Vitu vyetu vilikuja kwa treni ya Tabora. Treni ikikwama, spiriti imekwama, glavu zimekwama, na sisi tunakuna vichwa.

Najua nyie mna magodoro ya hewa, angalau wengine wenu. Sisi tulikuwa na sufi. Tulishona mito midogo midogo, huu wa kati ya magoti, huu wa mgongoni, huu wa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Tulijaza maji kwenye glavu tukazifunga, tukaziweka chini ya kisigino. Glavu moja iliwahi kupasuka daktari akiwa ameinama kuchungulia kidonda, maji yakamwingia mpaka kwenye kola, nikaambiwa mimi ndiye niliyeifunga vibaya. Sikubishana. Nilikuwa nacheka.

Njia zilibadilika mbele ya macho yetu. Mwanzo tulifundishwa kusugua. Ukiona ngozi ya mgonjwa imekuwa nyekundu, sugua kwa spiriti, paka poda, sugua tena. Tulisugua migongo ya watu kama masufuria. Baadaye wakaja watu wa semina wakasema acheni kabisa, hiyo nyama imeshachoka, nyie mnaiponda. Nikanyoosha mkono: "Kwa nini?" Wakanieleza. Nikanyoosha tena: "Na kwa nini miaka yote hiyo tuliambiwa tusugue?" Hapo wakaangaliana, wakasema ni muda wa chai. Tangu siku hiyo mwenzangu Mwajuma, niliyekuwa napokezana naye shifti, akanibatiza Nesi Kwanini. Jina likanishika. Lakini ngoja niwaambie, hilo "kwa nini" limeponya watu ambao spiriti haikuwaponya.

Mkubwa wetu wa wodi alikuwa Sista Fides. Si mtawa, nyie. Tulimwita sista kwa cheo chake. Mfipa mrefu, mkali, mwenye mikono mizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Akitandika kitanda, shuka inanyooka mpaka unaona haya kuilalia. "Mkunjo wa shuka ni kisu," alikuwa anasema, na chembe moja ya ugali iliyodondoka kitandani aliitafuta kama amepoteza hereni. Kwake hakukuwa na mzaha juu ya kugeuza wagonjwa. Kila baada ya saa mbili: kushoto, chali, kulia, chali. Hata kama mgonjwa amelala usingizi mtamu. Hata kama waziri anapita.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Aliwahi kumuuguza mzee mmoja wa Ikola, mvuvi, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye mtumbwi. Akamhangaikia mpaka mfupa ukaunga, ngozi safi, hana hata mkwaruzo. Wakamruhusu. Kule nyumbani ndugu wakamlaza kwenye mkeka, wakamwacha apumzike kwa heshima zote, maana kwao mgonjwa hasumbuliwi. Walimpenda, msinielewe vibaya. Walimlisha samaki wa kuchagua. Lakini hakuna aliyejua kumwinua wala kumgeuza. Aliporudishwa, mifupa ilikuwa inaonekana vidondani, na hakuchukua muda akafa. Sista Fides alikuwa akilisimulia hilo anaangalia pembeni.

Sasa ndiyo aje Mama Minza.

Walikuwa Wasukuma wa kuhamia, wamekuja na ng'ombe wao wakaweka makazi mbele ya Kakese. Siku hiyo wanatoka shambani na mkokoteni uliojaa magunia ya mpunga, Mama Minza amekaa juu ya magunia. Nyuki wakawavamia ng'ombe. Ng'ombe mnawajua wakiumwa na nyuki! Wakatimua mbio, mkokoteni ukaruka kisiki, mama wa watu akaanguka chali. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kimya. Daktari akapima, akapiga picha, akasema uti wa mgongo haukukatika, umepata mshtuko, huenda miguu ikarudi tukimtunza vizuri. "Huenda" hiyo ndiyo tuliyoishikilia.

Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mikono ya kutwanga na kulima, na Kiswahili chake cha kuokoteza. Aliyemleta ni kijana mmoja anaitwa Masanja, mrefu kama nguzo ya simu, shuka la lubega begani, maneno machache. Tukamuuliza pale mapokezi: wewe nani yake? Akasema, "Mimi mtoto wake." Tukaandika mtoto. Binti wa mama huyo, Minza mwenyewe, alikuwa amejifungua juzi tu, hawezi kuja kumuuguza. Basi Masanja akabaki, na kwa kuwa mwanaume halali wodi ya wanawake, akaweka makao kwenye banda la kupikia nyuma ya wodi, kule ndugu wa wagonjwa wanakopikia. Akawa anapika ugali na maziwa ya mgando anaagiza, mimi napokea sahani mlangoni nampelekea mgonjwa.

Wanawake wa pale bandani walimcheka mpaka mbavu ziwaume. "Msukuma, ugali huo unausonga au unauchunga?" Yeye anasonga tu. Sisi manesi tulimsifu. Nikamwambia Mama Minza, "Mama, una bahati, mwanao anakupikia kama binti." Yeye akavuta shuka mpaka puani. Nikajua ni aibu ya Kisukuma ya kusifiwa.

Sista Fides, kwa huruma yake, akaagiza Mama Minza ahamishiwe kitanda cha dirishani. Madirisha yetu yote yalipakwa rangi nyeupe ili wanaume wasichungulie, lakini lile lilikuwa limevunjika kioo kimoja cha chini, likawa linaingiza hewa. "Apate upepo," alisema Sista, "na apate kumwona mwanaye." Vizuri kabisa. Tulijiona watu wema sana.

Baada ya muda kidogo, nyonga yake ya kulia ikawa nyekundu. Halafu ngozi ikachubuka. Halafu kikawa kidonda chenye kuta. Na wakati huohuo, nyie, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza! Nilikuwa namwosha, nikakiona kinakunjuka kama kiwavi. Nikaita wodi nzima. Tulicheka, tulipiga vigelegele, Mama Minza akalia. Halafu Sista Fides akafunua nyonga ya kulia akakitazama kile kidonda, vigelegele vikakatika. Mguu unarudi, na kidonda kinachimba. Kikifika kwenye mfupa, damu itaoza, na hakutakuwa na mguu wa kusimamia wala mtu wa kusimama. Zilikuwa mbio za namna hiyo.

Kilichonichanganya ni hiki: kwa nini kulia tu? Nyonga ya kushoto ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga. Ina maana halalii kushoto. Na mimi nilikuwa namlaza kushoto kwa mikono yangu! Nikamvaa Mwajuma.

"Mwajuma, umemgeuza Mama Minza?"

"Nimemgeuza."

"Umemgeuzia wapi? Mbona namkuta kalalia kulia?"

"Tekla, usinianze asubuhi asubuhi. Nimemlaza kushoto mimi, mpaka mgongo wangu ukasema ka! Kama amerudi kulia, kamuulize aliyemrudisha."

Akaenda kunishtaki kwa Sista kwamba namwita mvivu. Na kumbe yeye naye alikuwa amenihisi mimi hivyohivyo, kila akiingia zamu anamkuta kulia. Mfanyausafi wetu akatoa na lake, kwamba kitanda kile kina wenyewe, aliyekifia hataki mtu augeukie upande wake. Basi ikawa vurugu, manesi hatusemeshani, na kidonda kinaendelea na safari yake.

Nikamuuliza mwenyewe. "Mama, nani anakugeuza?"

"Sijui, mwanangu. Nalala tu."

"Ukilala kushoto unaumia?"

"Siumii."

"Sasa kwa nini hukai kushoto?"

Shuka puani. Nikaona mikono yake mikubwa imeshika chuma cha kitanda upande wa kulia, na chuma hicho rangi imetoka kabisa pale anaposhika. Hapo ndipo nilipojua: anajivuta mwenyewe. Miguu haina nguvu lakini mikono ile ingevuta ng'ombe kwenye tope. Kila tukigeuka, anashika chuma, anajiburuza, anarudi kulia, na nyonga inasuguliwa juu ya kidonda ambacho hakisikii hata kidogo. Mwajuma nikamwomba radhi palepale, akaikubali baada ya kunizungusha sana. Lakini bado nilikuwa na "kwa nini" yangu imenikaa kooni.

Siku moja Mwajuma na wenzake wamemtoa Mama Minza kwenda kuogeshwa, mimi nimebaki natandika. Nikakitazama kile kitanda. Nikajiuliza, hivi huyu mama akilala hapa anaona nini? Tangu nianze unesi nimetandika vitanda visivyo na idadi, lakini sikuwahi kulala kwenye kimoja nikaangalia dunia kutoka kwenye mto. Nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza ubavu wa kushoto, kichwa pale pale pake.

Jamani! Ukisimama, dirisha lile huoni kitu, ni rangi nyeupe tu. Ukilala, kile kioo kilichovunjika kiko mbele ya pua yako, na ndani yake, kama picha kwenye fremu, ni Masanja. Ameinama kwenye mafiga, amenipa mgongo, anapuliza moto. Upepo ukageuka, moshi ukamjia usoni, akakohoa, akageuka upande wangu akifikicha macho. Akaona kuna mtu amelala pale. Mtoto wa watu aliruka! Akajifunika uso kwa lubega, akapiga teke chungu, akakimbilia nyuma ya pipa la maji.

Mimi bado nimelala pale mdomo wazi, nikasikia sauti mlangoni.

"Tekla! Umeugua au umechoka kazi?"

"Sista," nikasema, "njoo ulale."

"Nilale?"

"Lala hapa, Sista, nakuomba. Ubavu wa kushoto."

Alinitazama kama ananipima akili. Halafu, mnajua, ndiyo maana nilimpenda, akavua kofia akalala. Akaona banda, mafiga, chungu kimepinduka, hakuna mtu. "Mwanaye yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo naenda kujua.

Nilimkuta nyuma ya pipa amechuchumaa. "Masanja, mama yako unamkimbia?"

"Siyo mama," akasema, macho chini. "Mkwe. Ndiye amemzaa Minza, mke wangu."

"Lakini ulituambia wewe mtoto wake!"

"Sasa nesi, mtu aliyekupa mke, wewe siyo mtoto wake?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hamli pamoja, hamsemeshani ovyo. Siku ya ajali wanawake wa jirani ndio waliompakia, yeye akaswaga ng'ombe mpaka Mpanda bila kugeuza shingo. "Na sasa amelala," akasema. "Mkwe amelala, nguo inafunuka, miguu haina nguvu, mimi namtazama? Yaya, nesi, hapana. Hiyo ni mkosi, kwake na kwangu."

"Sasa kwa nini unakaa palepale dirishani?"

"Mafiga mengine yote yana wenyewe. Nimebakiziwa haya. Nakaa nimempa mgongo. Shida ni moshi."

Nyie, nilirudi ndani kwa Sista. Kwetu Upimbwe mkwe tunamheshimu pia, ila nilishazoea mambo ya mjini nikasahau. Tulimweka mama wa watu pale kwa upendo, na kila tukimgeuza kushoto ni kama tunamvua nguo mbele ya mkwe wake. Asingeweza hata kutuambia, maana kulisema tu ni aibu nyingine. Kidonda hakimuumi. Aibu inamuuma. Ungekuwa wewe ungelalia upande gani?

Sista Fides aliposikia aliketi juu ya kile kitanda alichonikaripia kwa kukilalia, akajishika kichwa. "Na mimi nikasema apate kumwona mwanaye," akasema. Halafu akainuka, akaenda stoo, akarudi na boksi tupu la dripu, akalikata, akaziba lile dirisha kwa plasta. Dawa yenyewe ikawa boksi. Masanja naye tukamwomba kwa wanawake wa bandani apewe mafiga ya upande wa pili, wakampa, wakamcheka na kwa hilo.

Mama Minza aliporudishwa akaliona boksi. Hatukumwambia neno. Nikamgeuza kushoto, nikamwekea mito yake, nikasimama pembeni. Mkono haukwenda kwenye chuma. Alinishika kidole akasema, "Wabeja," ndiyo asante yao, akalala akakoroma.

Kidonda tukakitibu kwa asali, maana dawa za kusafishia zilikuwa za kubahatisha na asali ya porini Mpanda imejaa. Unasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, unapaka asali, unafunika. Asali inakula uozo, inaleta nyama nyekundu nzuri. Shida yake sisimizi. Tulikuta msafara umepanda kitandani kama watu waendao mnadani, Mwajuma akapiga mayowe. Tukaweka miguu ya kitanda kwenye makopo ya maji na mafuta ya taa kidogo, msafara ukakoma. Mama Minza alicheka hadi kitanda kikatikisika. "Nyuki wamenivunja," alisema, "sasa wananiomba msamaha."

Nyama ikajaa. Miguu nayo ikaanza kutii, kwanza vidole, halafu goti, mpaka akaweza kukaa ukingoni mwa kitanda akining'iniza miguu. Daktari akasema sasa aende nyumbani, akazoeshwe kusimama hukohuko, kitanda kinahitajika.

"Haendi," alisema Sista Fides. "Haendi mpaka atakayemwinua amejifunza hapa, mbele yangu."

Minza akaletwa, mtoto mgongoni, mwembamba, uzazi haujamtoka. Nikamfundisha. Akamkumbatia mama yake, akavuta, na wote wawili wakaangukia kitandani, mtoto akalia, Minza akalia. Asingeweza hata afanyeje. Kwao walikuwa yeye, mumewe na ng'ombe. Basi tulijua wote kwamba amebaki mtu mmoja, na hakuna aliyetaka kumtaja.

Sista akamtaja. Masanja mlangoni akasema, "Yaya, yaya," akarudi kinyumenyume. Mama Minza kitandani akasema kwa uchungu, "Nirudisheni tu. Nikafie kwenye ngozi yangu ya kulalia."

Sista Fides alikasirika kweli. Akavuta stuli, akakaa karibu naye, akamweleza habari za yule mzee wa Ikola, mwanzo mpaka mwisho, mkeka, samaki wa kuchagua, mifupa. Minza anatafsiri. Safari hii Sista hakuangalia pembeni.

Mama Minza alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Huyo mzee alikuwa na wajukuu?"

"Alikuwa nao," Sista akasema.

Akamtazama yule mtoto mgongoni kwa Minza. Akasema, "Nifunikeni uso."

Tukasubiri wodi itulie, wageni wametoka, mchana. Tukamfunika kanga kichwani mpaka kifuani. Masanja akaletwa, jasho linamtoka, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayenyweshwa klorokwini. Mimi pembeni yao ndiye dereva. Na hapa nyie vijana sikilizeni, maana hii ndiyo kazi yenyewe: usimvute mgonjwa mikono, utamtegua mabega. Miguu yako ipishane na yake, goti lako lizuie goti lake lisikunjike. Mikono ipite chini ya makwapa, umkumbatie mgongoni. Mtikise taratibu mbele na nyuma, mbele na nyuma, halafu wote mwinuke pamoja. Mgongo wako unyooke, nguvu itoke mapajani.

"Mbele kidogo, Masanja. Siyo huko, huko ni ukuta! Mkono wa kulia chini. Chini zaidi. Hapo. Mama, uko tayari?"

Kanga ikatikisika kuitikia.

"Moja, mbili, haya!"

Akasimama. Enyi watu, yule mama alisimama! Mwajuma akaziba mdomo, Sista Fides akageukia ukutani kama anatafuta kitu. Miguu inatetemeka lakini imesimama. Nikasema basi tujaribu kutembea, Masanja arudi nyuma, yeye amfuate, kama watu wanaocheza ngoma. Hatua. Nyingine. Asiyeona anamwongoza aliyefunikwa, na mimi naimba, "Kushoto, polepole, kulia, hapohapo."

Walipofika katikati ya wodi, Masanja alikanyaga ndoo ya dekio. Ikavingirika. Akayumba, Mama Minza akayumba naye, nikamdaka kiunoni lakini nguvu zangu ni za kuku. Kanga ikadondoka. Ikawa uso kwa uso, macho ya mama wazi, ya Masanja yamefumbwa, na mikono ya yule kijana nikaiona inaanza kulegea kwa woga. Sista Fides alikuwa mbali. Minza akapiga yowe.

Mama Minza hakuiangalia kanga. Alimkaba Masanja mabegani kwa ile mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, akamsemesha mwenyewe, bila mtu wa katikati.

"Fumbua macho, mkwe," akasema. "Utaniangusha."

Akafumbua. Wakatembea mpaka mlangoni.